Herufi Iliyotolewa kwa Kadi Nyekundu

Nchi ninayoieleza hapa ilikuwa na amani nyingi sana, kiasi kwamba ilibidi ilindwe na vifaru. Yenyewe ilijiita Jamhuri ya Makofi. Wageni walidhani ni makofi ya kushangilia tu. Sisi wenyeji tuliyajua ya aina zote mbili.

Mwaka huo Makofi ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Ujirani Mwema, mashindano ya mpira ya timu za taifa za nchi sita zinazopakana na zisizopendana. Ilikuwa zamu yetu ya nne, na zamu zote nazikumbuka. Mara ya kwanza uwanja ulikuwa haujaisha, wachezaji wakazunguka mafungu ya kokoto. Mara ya pili uwanja uliisha, ila nyasi zilipandwa upande wa jukwaa kuu peke yake, ule wanaoutazama wakubwa. Mara ya tatu tulifungwa sita na Jamhuri ya Kule, redio ikaeleza kwamba upepo wa siku ile ulikuwa wa kigeni. Mimi sisahau. Ni ugonjwa, na zahanati yetu haina dawa yake, kama isivyo na dawa ya magonjwa mengine.

Mashindano yalifunguliwa na Mtukufu Mlezi, kiongozi wetu tangu enzi ambazo hata yeye hazikumbuki vizuri. Alivaa jezi ya timu ya taifa juu ya suti. Hotuba yake ilipangiwa dakika tano, ikala muda wa mechi mbili na nyongeza. Winga wa Kule alipata jeraha la kusimama, akatolewa kwa machela kabla mpira haujaguswa. Mwishoni Mtukufu alikohoa, akainua kidole.

"Mimi jambo langu ni moja tu," alisema. "Katika mashindano haya sitaki kusikia tumefungwa. Narudia. Sitaki kusikia."

Mtu wa kawaida angedhani maana yake ni kwamba timu ijitahidi. Kocha naye alidhani hivyo, maskini. Lakini pembeni ya Mtukufu alikaa Mheshimiwa Tarumbeta, Waziri wa Michezo, Maadili na Habari Njema, mtu aliyefika alipofika kwa kusikiliza neno la mwisho la kila sentensi. Alitoa kalamu, akaandika: *kusikia*. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

*

Kipa wetu alikuwa Machumu Bwire, mtu wa mtaani kwetu, Mtaa wa Ahadi. Tulipewa jina hilo mwaka walipoahidi bomba la maji, jina likabaki. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye viganja kama sinia, na mwenye kasoro moja kubwa: ukimuuliza kitu, anakujibu kilichotokea. Mkewe, Nyamizi, alikuwa fundi cherehani. Jezi za wizara zilikuwa na namba za kubandika, zikilowa jasho zinadondoka, basi Nyamizi akaishona namba moja mgongoni mwa mumewe kwa uzi wa gunia.

"Hii haitoki," alimwambia. "Hata wakikuvua ngozi, namba itabaki."

"Nani anivue ngozi, mke wangu? Si mpira tu huu?"

Mechi ya kwanza ilikuwa na Kule. Beki wetu wa kati alikuwa mpwa wa Waziri, kijana asiyependa kuguswa; adui akimsogelea alijitenga kwa heshima. Mabao manne yakaingia. Machumu aliokoa mengine tisa, na hayo nayasema mimi kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Mtangazaji wa redio alikumbuka kidole cha Mtukufu. Bao la kwanza alisema mpira umeingia wavuni kutafuta kivuli. La pili alisema umemfuata mwenzake. La tatu alisoma vifo na matanga ya wilaya za kusini. La nne alilia.

Kesho yake asubuhi Waziri Tarumbeta aliita mabingwa saba wa lugha kwenye ukumbi wa wizara, wakapewa soda na biskuti.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa limevamiwa na neno. Timu haina tatizo lolote, tatizo ni neno. Nataka dawa kabla ya chakula cha mchana."

Mwisho mwalimu mmoja mstaafu, ambaye naamini hakutaka ubaya, alinyanyua mkono.

"Mheshimiwa, kati ya kufungwa na kufunga tofauti ni herufi moja tu."

"Ipi?"

"W, Mheshimiwa."

"Inafanya kazi gani hapo?"

"Inaonyesha kwamba mtu katendwa. Yeye hakufanya kitu, kafanyiwa."

Waziri aliwatazama mmoja mmoja, taratibu. "Katika nchi hii," aliuliza, "nani anafanyiwa?"

Mabingwa wakatazama biskuti zao.

"Basi haina kazi," alisema Waziri. "Itoke."

Saa nane mchana ukatoka Waraka Namba Moja. Ulisema: *Kuanzia leo, herufi W inayowaweka wananchi katika hali ya kutenda na wengine imefuta.* Walitaka kusema ya kutendwa na imefutwa, lakini waraka ulikuwa wa kwanza kuutii waraka. Ukiusoma sawasawa, ulisema W ndiyo iliyofuta. Haukusema ilifuta nini. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Herufi iliruhusiwa kubaki kwenye wali, wino na Waziri.

Mimi katika maelezo haya nimeirudisha kila mahali ilipotolewa. Ni kosa, najua kifungu chake na adhabu yake.

*

Magazeti ya siku iliyofuata yaliandika kwa wino mwekundu: MAKOFI YAFUNGA MANNE. Watu walicheza barabarani. Hata waliokuwepo uwanjani walicheza. Jamhuri ya Kule nayo ikaandika imefunga manne, basi kamati ya mashindano, ambayo haikutaka ugomvi na mwenyeji mwenye vifaru, ikaandika sare ya nne kwa nne. Nadhani ni sare pekee ambayo upande mmoja haukuwahi kuvuka mstari wa katikati.

Laiti ingeishia uwanjani. Lakini waraka ulikwenda ofisi zote, na makarani wetu ni watu makini.

Mzee Kihongo wa mtaa wa pili alikwenda kituo cha polisi kusema ameibiwa mbuzi. Karani akaandika: *ameibia*.

"Umemwibia nani, mzee?"

"Mimi? Mimi nimeibiwa!"

"Tamka vizuri mzee wangu, usituletee herufi humu."

"Nime... nimeibia?"

"Ahaa. Sasa tunaelewana. Keti hapo."

Akaketi hapo, na nasikia bado ameketi. Mbuzi alirudi mwenyewe nyumbani, akakuta mzee hayupo.

Mwanamke aliyepigwa na mumewe akaandikwa amepiga. Wafanyakazi wa kiwanda cha katani waliandamana na bango lililopitishwa na ofisi ya herufi, TUMEDHULUMIA, wakakamatwa kwa kukiri wenyewe. Na katika kitabu cha uraia cha darasa la tano, palipokuwa pameandikwa *Mtukufu alichaguliwa na wananchi*, pakasomeka *Mtukufu alichagulia wananchi*. Hapo hata sisi wakorofi hatukuwa na la kusahihisha.

*

Sasa likaja swali: mabao yetu manne alifunga nani?

Ripoti ya mechi ilisema wazi: *kipa Machumu Bwire amefunga manne*. Waziri alifurahi. Kipa mfungaji! Wakamvika Machumu jezi yake, wakamkalisha mbele ya vipaza sauti, matangazo yakaenda moja kwa moja, na Mtukufu mwenyewe alikuwa anasikiliza akinyolewa ndevu.

"Bwana Machumu," aliuliza mwandishi wa gazeti la serikali, "wananchi wanataka kujua siri. Uliwezaje kufunga mabao manne bila kutoka golini?"

Machumu alikuna kichwa. Nilimwona kwenye televisheni ya kinyozi wetu, na kinyozi akanong'ona, "Mungu wangu, huyu atajibu."

Akajibu. "Sikufunga ndugu yangu. Nilifungwa."

Ilisikika nchi nzima. Zilipita sekunde kama tatu, kisha redio ikapiga muziki wa ngoma za asili hadi jioni.

Machumu alichukuliwa akiwa bado amevaa jezi. Kosa lake halikuwa kufungwa, maana hakuna tena aliyeweza kufungwa. Kosa lilikuwa kutamka. Alipelekwa Gereza la Mapokezi Mema, na karani wa zamu, mtu makini, akaandika kwenye daftari: *Bwire, Machumu. Kipa. Amefunga.*

*

Nyamizi alifika getini asubuhi yake na chupa ya uji wa ulezi. Gereza letu lina utaratibu: ambaye hajahukumiwa hula cha kuletewa na jamaa zake, na akipenda huongezewa cha jikoni. Getini alikuwa Koplo Ligola, ambaye sina ubaya naye. Tumesoma naye darasa moja hadi nilipoacha. Kila nitakachosema hapa, Ligola alinisimulia mwenyewe, akitazama viatu vyake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, dada. Nikusaidie nini?"

"Nimemletea mume wangu uji. Machumu, kipa."

Koplo alilamba kidole, akafunua daftari. "Huyu amefunga, dada."

"Najua amefungwa, ndiyo maana nimekuja."

"Shh! Amefunga. Daftari hili hapa. Mtu aliyefunga mimi nitampaje uji asubuhi yote hii?"

Nyamizi alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Afande, huu si mwezi wa kufunga."

"Labda ni sunna. Wako watu wana imani kali."

"Mume wangu ni Mlutheri."

"Basi Kwaresima."

"Kwaresima si ilipita tangu mwezi wa tatu?"

"Dada," alisema Koplo kwa sauti ya chini, "unataka mimi nibishane na daftari? Nina watoto wanne. Mtu amefunga, amefunga."

"Haya. Basi ale jioni, akifuturu."

"Jioni ruksa kabisa. Tatizo ni jiko. Jiko linafunga saa kumi, na geti nalo saa kumi."

"Jiko nalo limefunga?"

"Limefunga, dada yangu. Siku hizi kila kitu kinafunga."

Kwa ndani ya geti Koplo alisikia mtu anacheka, mfungwa mmoja aliyekuwa anafagia. Nyamizi hakucheka. Alisimama na chupa yake.

"Uji wa nini huo?" aliuliza Koplo.

"Ulezi. Una maziwa."

"Uache basi. Mimi sijafunga."

Aliuacha. Alifikiri labda kikombe kimoja kitapenya. Kesho yake akaleta tena, na keshokutwa, na chupa zilirudi zikiwa tupu na zimeoshwa, akawa anarudi nyumbani na matumaini. Ligola aliniapia kwamba siku ya tatu alikifikisha kikombe kimoja hadi mlango wa pili. Mlango wa pili una daftari lake.

*

Sisi wa Mtaa wa Ahadi tuliandika barua. Tuliandika watu thelathini na mmoja, tukaomba Machumu aachiliwe. Majibu yalikuja haraka ajabu: *Tumepokea ombi lenu kwamba ndugu Machumu aachilie. Tafadhali fafanueni aachilie nini.* Tukaandika ya pili, atolewe. Wakajibu: *Atolee wapi?* Tulikaa siku nzima kwa kinyozi tukitafuta neno la kumtoa mtu gerezani lisilo na ile herufi. Tulipata "atoke". Wakajibu kwamba hakuna anayemzuia. Mlango akiufungua mwenyewe, ruksa.

Mechi ya pili ikafika, na kocha akataka kipa mwingine. Aliambiwa haiwezekani: kumsajili mwingine ni kusema wa kwanza ameondolewa, na katika nchi hii hakuna anayeondolewa. Timu ikacheza golini mkiwa hamna mtu. Mtangazaji alisema, "Kipa wetu leo katulia sana, hana papara hata kidogo." Tulifungwa kumi na moja na Ufalme wa Mtoni. Shangwe zake sijapata kuziona, wala sitaki kuziona tena.

Nyamizi alipenya hadi chini ya jukwaa kuu. Sijui alipita wapi, askari walikuwa wengi kuliko watazamaji. Alimfikia Waziri wakati wa mapumziko, Waziri akiwa na mshikaki mkononi.

"Mheshimiwa, mimi mke wa Machumu. Siku ya saba leo hajala. Naomba, nakupigia magoti, ale tu. Abaki humo humo, lakini ale."

"Machumu yupi?"

"Kipa. Amefu..." Akaangalia askari. "Amefunga, Mheshimiwa."

Alisema walivyotaka aseme. Alifikiri akiisema lugha yao watamsikia, nao wakamsikia.

Waziri aliweka mshikaki chini. Macho yakamlengalenga machozi, ya kweli kabisa. "Siku saba!" alisema. "Kwa ajili ya timu! Jamani mnasikia? Kipa wetu amefunga siku saba, taifa lishinde!" Akanyakua kipaza sauti cha uwanja, akatangaza. Watu elfu arobaini wakasimama. Mtukufu akasimama. Nyamizi akiwa bado kapiga magoti, bendi ya polisi ikapiga wimbo wa taifa, na mtu akipiga magoti wakati wa wimbo wa taifa ni kosa, kwa hiyo wakamwinua.

Kuanzia siku hiyo redio ilihesabu. Kila baada ya taarifa ya habari: *Leo ni siku ya nane ya mfungo wa Machumu. Leo ni siku ya tisa.* Shule ziliimba jina lake. Askari wa ziada waliwekwa gerezani ili adui wa taifa asije akamlisha. Koplo Ligola alikatazwa kupokea hata chupa tupu.

Nasema sisahau, basi niseme na hili. Siku ya kumi na moja tulikwenda wanaume sita hadi kona ya gereza, tukiwa na hasira ya kutosha. Tulikuta gari moja la polisi limeegeshwa, dereva amelala. Tulilitazama lile gari kwa muda. Kisha mmoja akasema jua kali, tukarudi.

*

Fainali tulifika kwa hesabu za magazeti. Tulicheza na Kule tena, golini mtupu tena, na idadi ya mabao siikumbuki. Ni kitu pekee nilichowahi kusahau kwa makusudi. Mtukufu alipokea kombe kutoka kwa Waziri, akampa Waziri, Waziri akampa Mtukufu, wapiga picha wakaridhika. Machumu Bwire alitangazwa kipa bora na mfungaji bora wa mashindano. Aliitwa mara tatu kwa kipaza sauti aje achukue. Tukasubiri kila mara, kana kwamba angekuja.

Kesho yake saa mbili asubuhi tarishi alileta barua kwa Nyamizi, yenye nembo na muhuri. Alikuwa uani, anashona. Aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha akapiga kigelegele.

"Ametoka!" alilia. "Jamani, majirani, njooni! Machumu ametoka!"

Tulijaa uani. Alimpa barua kila aliyenyoosha mkono, akainyang'anya kabla hajamaliza, akaisoma mwenyewe kwa sauti: "*Ndugu Nyamizi. Tunayo heshima kukutaarifu kwamba mume wako, ndugu Machumu Bwire, shujaa wa taifa, amezika jana saa tisa alasiri katika makaburi ya Gereza la Mapokezi Mema.* Mmesikia? Amezika! Mtu wa ndani wanamruhusu kwenda makaburini? Lazima katoka. Sijui amemzika nani, maskini. Labda mwenzake wa humo ndani. Ndivyo alivyo, hawezi kuondoka hajamzika mwenzake."

Kinyozi alivua kofia, akaona anaangaliwa, akaivaa tena.

Nyamizi alikuwa ameshakoka moto. Alibandika uji, akatoa beseni, akalijaza maji, akaliweka nje ya mlango, maana kwetu anayetoka kuzika hanyanyui mguu kuingia ndani kabla ya kunawa. Juu ya ukingo wa beseni akatundika taulo safi.

"Mbona mmenuna hivyo?" alituuliza. "Jana saa tisa, na makaburi si pale tu? Labda wamemshika kwa maneno, watu wanampa mkono wa pole. Na mpira ule, kila mtu atataka kumshika mkono." Akanigeukia mimi. "Wewe si ndiye msomaji wetu? Isome vizuri. Imeandikwa amezika, sivyo?"

Alinishikisha barua. Karatasi ilikuwa nzuri, nzito. Neno lilikuwa pale katikati ya mstari, limepigwa chapa safi bila kufutwafutwa, na baada ya k ikaja a. Ile herufi nilikuwa nayo mdomoni. Nimewatukana mawaziri watano kwa majina yao, nimelala rumande mara mbili, nakumbuka kila ahadi waliyoitoa tangu nikiwa na miaka sita.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nilisema.

"Si niliwaambia!"

Upepo ulipita, vumbi likatua kwenye beseni. Nyamizi aliyatazama maji yale, akaona hayafai, akayamwaga kwenye mchicha, akaenda kujaza mengine.